Krismasi ya 1813 katika jumba la Kiingereza: namna ya kuandika hadithi ya mapenzi na majasusi

Hadithi yangu ya kwanza ya aina hii niliisoma kwa sauti mbele ya rafiki yangu mmoja, msomaji mkali. Alinyamaza mpaka sura ya tatu, ndipo akauliza, "Hivi huyu jasusi anatafuta nini?" Nikakosa la kusema. Nilikuwa na jumba, theluji, gauni la hariri, mishumaa na busu moja zuri sana. Jasusi nilikuwa nimemnyunyizia juu kama giligilani.

Tangu siku hiyo nina sharti moja, na mwongozo huu wote unalizunguka. Mapenzi na ujasusi visiwe mambo mawili yanayopokezana zamu, sura hii la kwanza, sura ile la pili. Siri inayomzuia mwanamume kumwambia mwanamke ukweli iwe ndiyo siri ileile inayowindwa nyumbani humo. Njia rahisi ya kulifikia hilo ni kuiachia kalenda ya sikukuu ikuendeshee kisa. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Wahusika na jumba ni wa kubuni, lakini mwaka, vita, mwezi na ukungu ni vya kweli.

Hatua ya 1: Chagua mwaka, usiseme "hapo zamani"

Waandishi wengi wa hadithi hizi hukimbilia vita vya Napoleon, kati ya 1803 na 1815. Lakini miaka hiyo haifanani. Mwaka 1804 watu wa pwani ya kusini ya Uingereza walilala wakiwa na hofu ya kuvamiwa. Kufikia mwisho wa 1813 hofu hiyo ilishapita: Napoleon alikuwa amepigwa Leipzig mwezi Oktoba, na Wellington, jemadari wa jeshi la Uingereza, alishavuka mpaka wa Hispania na kuingia kusini mwa Ufaransa. Swali lililobaki mezani ni vita vitaisha lini, na nani atatajirika kabla havijaisha.

Nachagua Krismasi ya mwaka huo kwa sababu ya hali ya hewa. Tarehe 27 Disemba ukungu mzito uliishukia London, ukakaa takriban wiki nzima. Mtawala Mdogo, yaani mwana wa mfalme aliyekuwa akitawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, alitoka siku hiyo kwenda Hatfield House kumtembelea Lodi Salisbury. Hakufika popote. Mmoja wa wapanda farasi wake aliangukia mtaroni karibu na Kentish Town, na msafara ukageuza. Baada ya ukungu ikaja theluji nyingi, kisha baridi iliyougandisha Mto Thames.

Sasa fungua kalenda. Krismasi ya 1813 iliangukia Jumamosi, kwa hiyo tarehe 26 ni Jumapili na ukungu unaanza Jumatatu. Mwezi uliandama siku mbili tatu kabla ya Krismasi na ukawa mpevu karibu na tarehe 6 Januari. Mtu wa pwani ataelewa mara moja maana yake: usiku wa Krismasi ni giza totoro, wafanyamagendo wanapenda, na kila usiku unaopita mwanga unaongezeka mpaka Usiku wa Kumi na Mbili, ndio mwisho wa sikukuu, siku ambayo boti ikitoka ufukweni inaonekana kama nzi kwenye maziwa. Hukubuni chochote, na tayari una saa inayohesabu.

Hatua ya 2: Tafuta siri inayoshikika mkononi

"Mpango wa kuiangusha Uingereza" si siri, ni kelele. Siri nzuri huandikwa kwenye karatasi moja, na mtu akiisoma anajua afanye nini kesho asubuhi.

Katika mfano wetu siri ni dhahabu. Wellington alikuwa kwenye ardhi ya adui na alisisitiza kuwalipa wakulima wa Kifaransa kwa kila gunia la nafaka, maana hakutaka raia wamgeuke nyuma ya mgongo. Alihitaji sarafu. Mnamo Januari 1814 serikali ya Uingereza ilimkabidhi Nathan Rothschild, tajiri wa biashara ya fedha, kazi ya kukusanya dhahabu kwa siri kwa ajili ya jeshi hilo. Basi fanya karatasi yako iwe na mambo matatu tu: kiasi, bandari na tarehe. Nani angeitaka? Wafaransa, bila shaka. Pia mtu yeyote anayecheza na hisa za serikali.

Hapo ndipo ninapokusihi usimfanye msaliti kuwa mshabiki wa Napoleon. Tarehe 21 Februari 1814 mtu mmoja alitokea Dover amevaa sare ya afisa, akatangaza kwamba Napoleon ameuawa. Hisa zilipanda London kabla ya uongo kugundulika, na walionunua mapema wakauza kwa faida. Mtambo wa ishara wa jeshi la majini huko Deal, mji wa pwani karibu na Dover, haukuweza kuipeleka habari kwa sababu ya ukungu, hivyo habari ikasafiri kwa gari la farasi. Msaliti mwenye madeni anaaminika kuliko msaliti mwenye itikadi, na mezani ni mtu wa kupendeza zaidi.

Karatasi itavukaje bahari? Kwa mabaharia wa Deal. Tangu 1810 Napoleon aliwaruhusu wafanyamagendo wa Kiingereza kutia nanga Dunkirk na baadaye Gravelines, bandari za Ufaransa, wakapeleka dhahabu, magazeti na barua, wakarudi na pombe kali na lesi. Vita vinaendelea huku biashara inaendelea. Msomaji wetu hahitaji kuelezewa sana jambo hilo.

Hatua ya 3: Jenga jumba, na ujue kuna baridi kiasi gani

Usitumie jumba maarufu. Ukiandika Chatsworth, kuna msomaji aliyewahi kutembelea na atakuandikia kwamba ngazi iko upande mwingine. Buni lako. Langu liko mashariki ya Kent, jimbo la kusini-mashariki ya Uingereza, karibu na barabara ya Canterbury kwenda Dover, si mbali na Barham Downs palipokuwa na kituo kimojawapo cha mtambo wa ishara. Mtambo huo ulikuwa kibanda chenye vibao 6 juu ya paa, vinavyofunguka na kufungika. Mpangilio wa vibao ulisomwa na kibanda cha mbele kwa darubini, nacho kikarudia, hivyo hivyo kutoka Deal mpaka London kwa dakika chache. Kibanda kimoja kikifunikwa na ukungu, mnyororo mzima umekatika.

Chora ramani ya nyumba kabla ya kuandika sentensi. Weka ukumbi mkubwa wenye meko, sebule, chumba cha kulia na maktaba. Halafu chora nyumba ya pili iliyo ndani ya hiyo ya kwanza: ngazi za nyuma za watumishi, jiko, chumba cha vyombo vya fedha, chumba cha msimamizi wa watumishi wa kike, na waya za kengele zinazopita ukutani. Wageni wanadhani wanaishi katika nyumba ya kwanza. Jasusi mzuri anaijua ya pili, na watumishi wanazijua zote.

Sasa mwanga. Hapa ndipo sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta hujikwaa, maana jua letu halina ubishi: saa kumi na mbili linachomoza, saa kumi na mbili linazama. Kent, mwishoni mwa Disemba, jua linatua kabla ya saa kumi alasiri na halionekani tena mpaka saa mbili asubuhi. Yaani wahusika wako wana saa kumi na sita za giza. Kila anayetembea usiku ana mshumaa, na mshumaa unamsema. Wa nta ya nyuki hauna harufu mbaya, ni wa mabwana. Wa shahamu unanuka mafuta ya mnyama, ni wa watumishi. Harriet, shujaa wetu, akinusa shahamu maktabani alfajiri, anajua aliyeingia humo hakuwa mgeni, au alikuwa mgeni aliyekuwa mwerevu kiasi cha kuazima mshumaa wa mpishi.

Jambo jingine ambalo waandishi wengi hulikwepa: jumba lililipiwa na nani? Mengi ya aina hiyo yalikuwa na sukari ya Jamaika ndani ya kuta zake. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku na Bunge la Uingereza mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni ulikomeshwa kuanzia 1834 tu. Kwa hiyo mwaka 1813 lodi wako anaweza kuwa na mashamba yenye watumwa na bado akaitwa muungwana. Si lazima uhubiri. Taja bei ya sukari mezani, mwache mtu mmoja anyamaze.

Kuhusu mhusika kutoka kwetu, najua kishawishi kipo. Watu weusi walikuwepo Uingereza, wengine katika majumba hayohayo. Dido Elizabeth Belle, binti wa nahodha na mwanamke mtumwa, alilelewa Kenwood House na mjomba wa baba yake, Lodi Mansfield, na mgeni mmoja aliandika mwaka 1779 kwamba aliingia baada ya chakula na kuketi na kina mama. Mtu wa Kilwa je? Inawezekana, ila mpe njia: Wafaransa walichukua watumwa Kilwa kuwapeleka Isle de France, ndiyo Morisi ya leo, na Waingereza wakakiteka kisiwa hicho Disemba 1810. Mtoto wa Kilwa aliyetua kwenye meli ya Kiingereza mwaka huo anaweza kuwa jumbani mwaka 1813. Kama huna nafasi ya kumpa mambo yake mwenyewe ya kutaka na kuogopa, muache kwenye hadithi nyingine. Asije akabeba sinia tu.

Hatua ya 4: Wape wapenzi sababu nzuri ya kutoaminiana

Wapelelezi wa Uingereza wa wakati ule hawakuwa na jengo moja lenye jina mlangoni. Kulikuwa na Ofisi ya Wageni, iliyozaliwa na sheria ya 1793 ya kuwaandikisha wageni, ambayo ilifanya mengi zaidi ya kuandikisha. Kulikuwa na chumba cha siri katika Posta Kuu, mtaa wa Lombard, walikofungua barua za nchi za nje, wakanakili, wakazifunga tena lakiri isijulikane iliguswa. Na kulikuwa na wafumbuzi wa maandishi ya fumbo, kazi iliyorithishwa katika ukoo mmoja, Willes, kwa zaidi ya miaka 100. Upande wa jeshi, George Scovell aliufumbua msimbo mkubwa wa Wafaransa wenye namba karibu 1,400 mwaka 1812, akiwa mezani kwake huko Hispania na Ureno.

Harriet Finch, miaka 26, ni binti wa karani aliyewahi kufanya kazi chini ya wafumbuzi hao. Baba amefariki, fedha hakuna, na yeye ni mwandani wa kulipwa wa bibi mmoja mzee, shangazi yake Lodi Wexcombe mwenye jumba. Anasoma maandishi ya fumbo kama wewe unavyosoma bango la daladala, na hajamwambia mtu. Kapteni Ashby ametumwa na Ofisi ya Wageni. Anachechemea kwa jeraha la vita, kwa hiyo hakuna anayeuliza kwa nini hayuko jeshini. Kazi yake ni kujua nani jumbani anatoa habari, na jina la kwanza kwenye orodha aliyopewa ni la Harriet.

Umeona kikwazo? Kila Kapteni anachokipenda kwa Harriet ndicho kinachomtia Harriet hatiani: akili yake, ukimya wake, kule kutazama kwake mambo mara mbili. Naye Harriet siku ya tatu anagundua lakiri ya barua yake imefunguliwa na kurudishwa. Anajua kazi nzuri akiiona, baba yake alimfundisha. Hahitaji mtu wa tatu wa kuwafitinisha.

Kumbuka pia mwanamke wa wakati huo aliweka nini rehani alipokubali kuolewa. Fedha na vitu vyake vilihamia kwa mume, na hali hiyo haikuanza kubadilika mpaka sheria ya 1870. Talaka kamili ilihitaji sheria ya Bunge. Mwanamke akikosea mtu, amekosea maisha. Harriet akimchunguza Kapteni kama anavyochunguza msimbo, si ubaridi wa moyo.

Hatua ya 5: Amua watu wataitanaje

Hapa Kiswahili kina neema zake na mitego yake. Kwa mwenye cheo tumia "Lodi" na kwa mkewe "Ledi", basi. "Mheshimiwa" inanuka Bunge la Dodoma, na "mwinyi" itampeleka msomaji Pemba. Watumishi waseme "Bwana Mkubwa" na "Bi Mkubwa". Shikamoo iache, hata kama kidole kinawasha. Mdogo apige goti kidogo au ainamishe kichwa, msomaji ataelewa.

Jambo la thamani zaidi ni jina la kwanza. Katika jamii ile mwanamume asiye ndugu hakumwita msichana kwa jina lake la ubatizo. Ni "Bi Finch" asubuhi, mchana na jioni. Basi siku Kapteni anaposema "Harriet", hata kama ni kwa hofu, hata kama ni kwenye giza la ngazi za nyuma, hilo ni tukio kubwa kuliko busu. Waandishi wanaowaachia wapenzi waitane "mpenzi" sura ya pili wamekula mbegu.

Na saa ziwe zetu. Usiandike "saa nne jioni" kwa kufuata vitabu vya Kizungu. Jua lilizama saa kumi, andika saa kumi.

Kabla ya kuendelea, pitisha kalamu nyekundu. Mti wa Krismasi: Malkia Charlotte alipamba mmoja Windsor mwaka 1800, lakini watu wa kawaida hawakuuiga mpaka miaka ya 1840, kwa hiyo toa. Kadi za Krismasi ni za 1843, toa. Wimbo wa "Usiku Mtakatifu" uliimbwa mara ya kwanza Austria mwaka 1818, toa. Stempu ni za 1840, treni toa, bahasha toa pia: barua ilikuwa karatasi iliyokunjwa na kupigwa lakiri, na anayelipa ni mpokeaji. Mimi niliuweka mti. Ulikuwa na nyota juu yake.

Hatua ya 6: Panga kisa siku kwa siku

Huu ndio moyo wa kazi, na hapa usiharakishe.

Tarehe 24, Ijumaa. Siku ya mkesha ndipo nyumba inapopambwa, si kabla: matawi ya majani yenye miiba na matunda mekundu, rosmari, na katikati ya ukumbi tawi la mabusu. Hilo ni tufe la majani lenye misletoo, ule mmea unaoota juu ya miti mingine na wenye vitunda vyeupe kama lulu. Mwanamume anayembusu msichana chini yake huchuma kitunda kimoja, na vikiisha mabusu yameisha. Mwonyeshe Harriet akivihesabu, maana kuhesabu ndiyo tabia yake. Gogo kubwa linaingizwa mekoni na kuwashwa kwa kipande kilichohifadhiwa cha gogo la mwaka jana.

Usiku huo vijana wa kijiji wanakuja na farasi. Mashariki ya Kent ilikuwa na desturi hii, na jarida moja la London liliielezea mwaka 1807: kichwa cha farasi juu ya mti, taya likivutwa kwa kamba, na kijana aliyejifunika shuka chini yake. Taya linagonga, watoto wanapiga mayowe, wageni wanacheka. Waache wageni watumbukize sarafu mdomoni. Zinalia zikigongana ndani, kling, kling. Mkono mmoja unatumbukiza kitu na hakuna mlio. Harriet anasikia ule ukimya. Katika purukushani haoni ni mkono wa nani. Yale mambo matatu yamegawanywa karatasi tatu, na ndiyo ya kwanza hiyo, imeondoka kwenye giza la mwezi mchanga.

Tarehe 25 ipite upesi: kanisa, bata bukini, nyama ya ng'ombe, pudini iliyochemshwa ndani ya kitambaa. Aya moja inatosha, usiwageuze wasomaji kuwa wapishi.

Jumapili tarehe 26 ni siku ya Mtakatifu Stefano. Kanisani Kapteni anakaa nyuma ya Harriet na kwa saa nzima haangalii kingine ila shingo yake, kikazi, anajiambia. Lodi anatangaza kwamba kesho ana safari ya London ya siku mbili. Kusafiri Jumapili kungezua maneno. Jumatatu anaondoka, na siku hiyohiyo watumishi, mpeleka barua na wachuuzi wanapewa visanduku vyao vya zawadi kwenye mlango wa jikoni. Msimamizi wa watumishi anamwambia Harriet jambo dogo: yule kijana wa farasi wa mkesha hakuja kuchukua chake.

Kati ya tarehe 27 na 29 mpe msomaji maktaba. Wapenzi wako hawawezi kukaa peke yao chumbani mlango umefungwa, lakini shangazi mzee anaweza kulala kitini. Wazungumze vitabu huku kila mmoja anamtega mwenzake. Harriet anaona lakiri yake imeguswa. Anamwuliza Kapteni kama huko vitani walikuwa wakisoma barua za watu. Anajibu, "Za maadui." Anamwambia, "Na uliwajuaje?" Kata sura hapo.

Jumatano tarehe 29 jioni lodi anarudi. Mezani:

"Barabara ilikuwaje, Lodi?" Harriet aliuliza huku akimkatia shangazi nyama.

"Nzuri. Baridi tu."

"Na London?"

"Ni ileile, Bi Finch. Matope na makelele."

Baadaye anamwona lodi akiandika juu ya barua ya kutuma. Mwanachama wa Baraza la Malodi alituma barua bila malipo, mradi aandike kwa mkono wake juu yake mahali, tarehe na sahihi. Lodi ni mkarimu, anawasainia wageni wote. Juu ya hizi zilizotoka naye safarini pameandikwa London, Disemba 28.

Siku mbili tatu zinapita, na barua za London hazifiki. Wageni wananung'unika. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika majumba yale mgeni alikaa wiki tatu na jembe hakuliona, basi sasa wamefungiwa pamoja na wameanza kuchokana. Tumia mchezo wa zabibu za moto: bakuli pana, zabibu ndani ya brandi, brandi inawashwa, mishumaa inazimwa, na watu wanadokoa zabibu zinazowaka na kuzitupia mdomoni. Nyuso zote zinakuwa za buluu. Kila mtu anafanana na maiti yake. Wanaume wanakunja mikono ya mashati, na mkono wa lodi una alama mpya ya kamba, ya mtu aliyesaidia kuvuta boti. Kapteni anaiona. Harriet anamwona Kapteni akiiona, na kwa mara ya kwanza anaelewa kwamba huyu mtu anawinda, haibi.

Jumapili tarehe 2 Januari gazeti la London linafika hatimaye, pamoja na dereva wa gari la barua asiyeacha kuongea. Ukungu! Tangu Jumatatu mtu haoni mkono wake. Mwana wa mfalme mwenyewe amerudishwa njiani. Harriet anashika gazeti, haligeuzi ukurasa. Hakuna mtu aliyekuwa London tarehe 28 ambaye angerudi bila kutaja ukungu. Lodi hakuwa London. Alikuwa Deal, na karatasi ya pili.

Nakushauri usimwache akimbilie kwa Kapteni. Hata kama haibi, bado kwenye hesabu ya Harriet ndiye aliyeifungua barua yake. Amwache shangazi amelala, aingie ofisini kwa lodi, achukue karatasi ya tatu, ile yenye tarehe ya dhahabu. Ngazi zinalia. Mtu anakuja. Ana sekunde chache na gauni lake halina mifuko. Ukumbini anapanda juu ya kiti na kuichomeka karatasi ndani ya tawi la mabusu, mahali pekee jumbani ambapo kila mwanamume ananyoosha mkono na hakuna anayejiuliza kwa nini.

Hatua ya 7: Acha busu na karatasi viwe kitendo kimoja

Theluji imeshuka, mwezi unakua, mfanyamagendo wa lodi hathubutu tena kuja. Lodi anajua karatasi imeibwa na hajui na nani. Nyumba yote iko sawa na jana, ila kila mlango unafunguliwa mara moja zaidi.

Alhamisi tarehe 6 ndiyo Usiku wa Kumi na Mbili. Keki kubwa inakatwa. Wageni wanachota vikaratasi kofiani, kila kimoja kina jina la mhusika, na lazima uwe mtu huyo mpaka saa sita usiku. Nani angemnyima mwandishi wa majasusi zawadi kama hii? Kila mtu amelazimishwa kudanganya hadharani. Mpe Kapteni nafasi ya mwizi na lodi nafasi ya hakimu. Shangazi awe Malkia, naye akiwa Malkia aseme ukweli mmoja kuhusu madeni ya mpwa wake, wote wakicheka.

Na usiku huo mapambo yanateremshwa na kuchomwa, kwani kuyaacha ni mkosi. Mtumishi analeta ngazi. Vitunda vimebaki vitatu, Harriet amevihesabu asubuhi. Hawezi kupanda mwenyewe mbele ya watu. Lazima amwombe mtu mmoja anyooshe mkono, na kumwomba huko ni kumkabidhi karatasi, jina la baba yake na shingo yake. Anasimama chini ya tawi, mbele ya lodi, mbele ya shangazi, na anasema kwa sauti ya kusikika, "Kapteni, naona vimebaki vitatu."

Hapo andika taratibu. Kapteni anatakiwa kuelewa akiwa ananyoosha mkono, si kabla. Vidole viguse karatasi. Achume kitunda na vidole viwili na karatasi na vingine, na ainame. Wengine wote waone busu tu. Lodi naye aone busu, halafu sekunde moja baadaye aone Harriet hatazami uso wa Kapteni bali mkono wake.

Katika hadithi hii Ofisi ya Wageni inataka jambo liishe kimya, kwa hiyo usilete askari mlangoni. Mazungumzo mafupi maktabani yanatosha, na lodi aondoke alfajiri kwa safari ndefu ya afya yake. Msomaji atajua.

Ndoa ihesabiwe kwa kalenda vilevile. Tangazo lilisomwa kanisani Jumapili tatu, hivyo tarehe 9, 16 na 23 Januari. Ukitaka sura ya nyongeza, wapeleke London siku za mwanzo za Februari. Thames imeganda, watu wamepiga mahema juu ya barafu, wanauza mikate ya tangawizi na kuchapisha vikaratasi vya kumbukumbu kwa mashine zilizoburutwa mpaka katikati ya mto. Harriet ananunua kimoja, anakisoma, anamwonyesha mumewe kosa la herufi mstari wa pili. "Au si kosa," anamwambia, na wote wawili wanageuka kumtazama mchapaji.